UZI: Tumepewa ukumbi mmoja kwenye maktaba ya kampasi hapa Malindi, tunataka uwe wa kujifunzia pamoja. Pesa haitoshi vyote. Kipi kitangulie?

Mkutubi_Barani (mwanzisha uzi)

Salaam wadau. Nafanya kazi kwenye maktaba ya kampasi ndogo hapa Malindi. Jina la chuo naliweka kando. Mkuu wa kampasi amekubali tuvunje ukuta kati ya chumba cha magazeti na stoo ya viti vibovu, tupate ukumbi wa mita 9 kwa 14 hivi. Nia ni kuwa na ukumbi wa pamoja wa kujifunzia: mwanafunzi akae na wenzake wajadiliane kwa sauti, achaji laptopu, achapishe kazi yake, na akikwama, iwe ni kitabu au ni intaneti, aulize meza moja badala ya kuzungushwa milango mitatu.

Jambo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani kilifungua ukumbi wa namna hii ndani ya maktaba mwaka 1992, na 1994 ikaja maktaba ya Leavey kule Los Angeles. Mwanzoni ilikuwa kompyuta na wakutubi chini ya paa moja, basi. Baadaye, kama walivyofanya Chuo Kikuu cha Guelph kule Kanada mwaka 1999, wakaongeza watu wa kuwasaidia wanafunzi kuandika na kupanga masomo. Wenzetu walikuwa na majengo ya ghorofa. Sisi tuna chumba cha magazeti na stoo.

Hali ilivyo sasa ni hivi. Chumba cha kusomea kina meza ndefu nzuri mbele, karibu na madirisha, na hazikaliwi. Soketi ya uhakika iko nyuma ya mashine ya fotokopi. Njoo saa nane mchana: ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, watu wameketi sakafuni migongo ukutani, laptopu mapajani, simu zinachaji juu ya karatasi za ream. Anayetaka kutoa kopi anawaruka.

Kamati inataka zinunuliwe kompyuta mpya 20 na kila kitu kingine kifuate. Mimi moyo hauniambii hivyo. Wanafunzi wetu wengi wana laptopu au angalau simu. Nionavyo, wanakosa mahali pa kukaa nazo na mtu wa kuwasaidia. Ila sina lugha ya kuishawishi kamati. Nisaidieni.

---

FundiWaya_Maweni

Umeme kwanza, mkutubi. Tena kabla hata ya rangi.

Laptopu za kawaida zikichaji huvuta wati 45 hadi 65. Weka watu 40 wote wamechomeka kwa pamoja: 40 mara 65 ni wati 2,600. Huo si mzigo. Saketi moja ya soketi yenye fyuzi ya ampea 32 kwa volti 240 inabeba zaidi ya wati 7,600. Kwa hiyo mtu akikwambia "jengo halitastahimili laptopu" muulize birika la chai la ofisini linavuta ngapi. Huwa wati 2,000 na ushee, peke yake. Hatari yako ni hizo ekstensheni za kubebana nyuma ya fotokopi. Ziondoe leo, usingoje ukumbi.

Mambo matatu nayasema kwa sababu nimeyaona pwani hii. Soketi zikae kimo cha meza, zisiwe chini karibu na sakafu. Maktaba zetu hupigwa deki kila asubuhi, na anayepiga deki hamwagi maji kwa kijiko. Vifuniko viwe vya plastiki, kwani vile vya chuma vinavyong'aa dukani, hewa ya chumvi huvila mapema. Na saketi hiyo iwe na kile kikata-umeme cha miliampea 30, kinachozima mtu akiguswa na umeme. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, msichukue shemeji ya mtu.

---

Maalim_Mstaafu

Nimefundisha miaka mingi na nitasema lisilopendwa. Maktaba ni ya kusoma. Mkiruhusu mazungumzo ndani, wiki ya kwanza watajadili masomo, wiki ya pili Arsenal. Mwanafunzi mkimya, anayetaka kusoma sura nzima bila kelele, ndiye mwenye haki ya kwanza, na ndiye hana mtetezi katika mipango hii ya kisasa. Hilo la viti vya rangi na makochi nimeliona kwingine. Yalikuwa mahali pa kulala.

---

Binti_Mambrui

Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanafunzi, niko mwaka wa tatu. Naomba nikujibu kwa heshima.

Arsenal watajadiliwa, hilo sikatai. Lakini kazi tunazopewa siku hizi nusu ni za kikundi, na nyinyi waalimu ndio mnaozitoa! Tukakae wapi? Nimepanga chumba Muyeye na wenzangu, vitanda vimejaa, meza hakuna. Kazi za kikundi tunafanyia kwenye mabenchi ya mama mmoja anayeuza chapati. Anatuvumilia mpaka wateja wa jioni waje, halafu anaanza kupangusa meza mbele yetu na tunajua maana yake.

Kitu ambacho hakuna aliyekisema hapo juu: maktaba yetu inafungwa saa kumi na moja jioni. Vipindi vya jioni vinatoka saa kumi na mbili. Mtu anayefanya kazi hotelini mchana na kusoma jioni hajawahi kuingia ndani ya maktaba yake mwenyewe. Mkiweka marumaru na kompyuta 20 na mlango ukafungwa saa ile ile, mmetuwekea picha.

Na tusiombe saa 24 kama huko Marekani. Wapo wasichana wanaorudi Mambrui na Gongoni kwa matatu, na usiku zikiadimika unabaki na bodaboda na bei yake. Saa mbili na nusu inatosha, mradi kuwe na taa kutoka mlangoni hadi getini, na askari awe getini kweli. Mwezi wa Ramadhani saa zibadilike, watu waende kufuturu na wanaotaka warudi baada ya tarawehe.

---

Maalim_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo la saa umesema kweli. La kelele bado.

---

Bajeti_Ngumu

Niko idara ya fedha, chuo kingine. Kila mtu hapa anapanga vitu, mimi naona mishahara. Kufungua hadi saa mbili na nusu ni mkutubi wa zamu ya pili na askari wa ziada, mwezi baada ya mwezi. Kompyuta unanunua mara moja na mgeni rasmi anakata utepe. Ndiyo maana kamati zinapenda kompyuta. Sisemi ni sawa, nasema ndivyo kulivyo.

Nyongeza kwa Mkutubi: hizo samani mbovu za stoo na vitabu mnavyotaka kuondoa, kama chuo ni cha umma, hamuwezi kumwita mwenye mkokoteni mkampa. Sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inataka kamati ya kuondoa mali, orodha, na njia iliyoidhinishwa. Anzeni orodha mapema. Kuna stoo nyingi nchini humu zinazoitwa "zimejaa" na tatizo ni karatasi moja ambayo haikuandikwa.

---

Kitabu_Mezani

Mkutubi mwenzangu, hongera. Nami niko maktaba ya chuo, mji mwingine wa pwani, na ukumbi wa namna hii tunao. Nitakupa la ndani.

Ukumbi wetu haukuanza kufanya kazi siku viti vilipofika. Ulianza siku tulipoziunganisha meza mbili. Kabla ya hapo mkutubi alikuwa mlangoni na mtu wa kompyuta alikuwa na ofisi yake nyuma, mlango umefungwa, kibandiko "Gonga kabla ya kuingia". Mwanafunzi anakuja na shida moja ambayo kwake ni moja tu: ametafuta makala, ameipata, haifunguki, na kesho anatakiwa kuitaja kwenye marejeo. Mkutubi anamwambia kutofunguka ni mambo ya kompyuta. Wa kompyuta anamwambia nywila anatoa mkutubi. Marejeo? Kamuulize mhadhiri. Huyo harudi tena, anaenda kunakili Google.

Sasa meza ni moja. Anakaa mkutubi na wanafunzi wasaidizi wawili wa mwaka wa tatu au wa nne, wanalipwa kwa mpango wa kazi na masomo. Tuliwafundisha kutafuta kwenye Koha, yaani katalogi yetu ya kompyuta, kuingia kwenye majarida tunayolipia kupitia ushirika wa maktaba wa KLISC, kupanga marejeo, kufungua printa iliyokwama. Yanayowashinda wanamwita mkutubi. Pembeni kuna daftari la kawaida la mistari, na kila swali linaandikwa, hata la kijinga. Daftari hilo ndilo nililobeba kwenye kikao cha bajeti. Ukurasa baada ya ukurasa unasema "printa", "nywila", "marejeo", "printa". Hakuna aliyeuliza "kuna kompyuta?" zaidi ya mara chache. Kamati ikasoma yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu: anza daftari kesho, ukuta bado umesimama. Hilo ndilo lugha unayoitafuta.

Kuhusu nafasi, usidanganywe na mchoro. Kipimo tunachotumia wengi ni takriban mita za mraba 2.3 kwa msomaji mmoja. Ukumbi wako ni mita za mraba 126, hesabu inakupa watu 54. Toa meza ya msaada, printa, njia ya kiti cha magurudumu, na vikundi ambavyo hutanuka vyenyewe. Panga watu 40. Ukibana 54 utapata mabishano ya viti.

---

Kebo_na_Chumvi

Upande wa mtandao. Kompyuta 20 za mezani, kwenye jengo la madirisha wazi, umbali mfupi kutoka baharini? Feni ya ndani hufyonza hewa yenye chumvi siku nzima. Nimefungua mashine ya aina hiyo nikakuta bodi ina ukoko wa kijani kwenye miguu ya vipuri. Nunua 6, si 20. Moja iwe na skana. Moja iwe na NVDA kwa asiyeona. Hii ni programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti, walioianzisha ni vijana wawili wa Australia, wenyewe hawaoni, na sauti inayokuja nayo ina hata Kiswahili, ingawa matamshi ni ya roboti. Zilizobaki ziwe za kazi ambazo laptopu za wanafunzi haziziwezi.

Pesa iliyookolewa iende kwenye waifai. Rauta ya nyumbani, ile ya masikio mawili, watu 40 wakiingia na simu na laptopu ni vifaa 80 na inalala chali. Chukua vituo viwili vya kurushia mawimbi, vya darini, vilivyoundwa kwa ofisi, kila kimoja kiletewe kebo yake kutoka kwenye swichi ya mtandao. Kama chuo kiko KENET, ule mtandao wa vyuo vya Kenya, ulizia waifai ya eduroam, mwanafunzi akienda chuo kingine kinachoshiriki anaingia na nywila yake ile ile.

Stima ikikatika? Kompyuta ndogo moja kwenye betri, ina Kiwix, programu ya kusoma kurasa za wavuti bila intaneti, na nakala ya Wikipedia ndani, inarusha waifai yake yenyewe. Watu wanaendelea kusoma bila intaneti. Gharama yake haifiki hata kompyuta moja ya zile 20.

---

Mwana_wa_Amu

Salamu kutoka Amu (Lamu). Nyinyi wa Malindi mna bahati, lori linafika mlangoni. Huku kila kiti hushuka jahazini na hupanda punda, kwa hiyo tumejifunza kutonunua samani tusizozihitaji.

Mkutubi, mbona hakuna aliyetaja baraza? Jengeni baraza za mawe mzunguko wa kuta tatu. Kimo sentimita 45, kina 50 au 60 mtu akunje miguu, juu chokaa laini. Haziibiwi, hazivunjiki, haziliwi na mchwa, na mchana wa kaskazi mwezi wa Februari ni baridi kuliko kiti chochote cha sponji. Soketi za Fundi unazipanga ukutani juu yake. Katikati weka meza nyepesi za kuburuta. Mgongo ukiuma kuna mito, kazi ya cherehani moja.

Ila ujue jambo moja: kuta za mawe na sakafu ngumu hurudisha sauti. Watu kumi wakinong'ona utadhani ni soko. Tandika mikeka ya miyaa, ile minene, na mingine itundike ukutani. Makuti pia hunyonya sauti vizuri, lakini ndani ya maktaba sithubutu kuyashauri, cheche moja tu.

Na usiwasahau wenye mji. Miswada ya Kiarabu na ya Kiswahili ya Msikiti wa Riyadha hapa Amu ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na unaweza kuisoma mtandaoni. Mwanafunzi wa historia Malindi anaifungua kwenye kompyuta yako bila kupanda basi. Mwekee kiungo mahali aone. Ukumbi usio na kitu cha kwao watu huutumia kuchaji simu tu.

---

FundiWaya_Maweni

Baraza nakubali. Mabomba ya nyaya yapite ndani ya baraza kabla haijazibwa. Mkijenga kwanza mkaniita baadaye, nitatoboa kazi ya mwashi na atanichukia.

---

Maalim_Mstaafu

Nimesoma yote. Nauliza: yule mkimya wangu yuko wapi katika mchoro huu?

---

Mkutubi_Barani

Maalim, yuko pale pale alipo, na nimeanza kuona atapata zaidi. Wanaopiga gumzo sasa hivi wanampigia yeye, kwa sababu chumba ni kimoja. Wakihamia ukumbini, chumba cha zamani kinabaki kimya kweli kweli, na zile meza za dirishani zinapata soketi. Mlango kati ya vyumba viwili naufikiria uwe mzito, wa kujifunga wenyewe. Nilitaka pia rafu za vitabu zisimame kwenye ukuta unaopakana, zipunguze sauti.

---

Kitabu_Mezani

Rafu kwenye ukuta wa ndani, sawa. Usizisogeze upande wa bahari kupisha viti. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 ukakaa hapo, kuvu inaota, na msimu wa mvua za masika sisi pwani tunakaa juu ya hapo siku nyingi. Acha upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta, hewa ipite. Na usiwashe kiyoyozi mchana ukakizima usiku kwenye chumba chenye vitabu. Kikizimwa, unyevu unarudi kwenye kurasa zilizopoa. Nimewahi kutoa juzuu za sheria, kwa nje ziko safi, uti wa kitabu umeota manyoya meupe. Panka na madirisha ya pande mbili ni salama kuliko kiyoyozi cha nusu siku.

---

Maalim_Mstaafu

Mlango mzito, sawa. Basi na mimi nitoe pendekezo badala ya kulalamika tu. Wahadhiri waje ukumbini. Kila mmoja ana saa za kuonana na wanafunzi, ambazo hukaa ofisini peke yake akinywa chai. Akae kwenye hiyo baraza saa moja kwa wiki, inajulikana ni saa ngapi. Arsenal watapungua. Mimi mwenyewe nimestaafu, lakini mkiniandikia barua nitakuja Jumatano kuwasaidia wa takwimu.

---

Binti_Mambrui

Maalim wa takwimu!! Jumatano tutajaa.

---

Bajeti_Ngumu

Hapo mmenipa kitu cha kuandika. Kompyuta 6 badala ya 20, tofauti yake isogezwe: umeme, waifai, baraza. Lakini pesa ya vifaa hailipi mishahara, ni vifungu viwili tofauti na mkaguzi atawauliza. Zamu ya jioni ombeni kama jaribio la muhula mmoja kwa wanafunzi wasaidizi pamoja na mkutubi mmoja anayeanza kazi saa sita badala ya saa mbili asubuhi. Hakuna mwajiriwa mpya, kuna saa zilizosogezwa. Mhesabu watu waliopo kila saa jioni, kwa kalamu tu, bila majina. Mkianza kuandika majina na namba za vitambulisho mmeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hamna haja nayo.

---

Mkutubi_Barani

Asanteni sana. Daftari la maswali limeshawekwa mezani, na swali la kwanza kabisa kuandikwa ni "choo kiko wapi", kwa hiyo kibao kinahitajika pia. Ekstensheni za nyuma ya fotokopi nimezitoa, nimenuniwa.

Mpangilio nitakaoupeleka: muhula huu, bila kugusa ukuta, tunaunganisha meza ya msaada na kusogeza saa za jioni kwa jaribio. Likizo ndefu, umeme na mabomba, halafu mwashi wa baraza, halafu waifai. Kompyuta 6 mwisho. Kama kamati itakataa kitu, naomba wakatae kompyuta.

---

FundiWaya_Maweni

Swali la mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza. Huo ukuta mnaovunja umebeba nini? Jengo lenu nalijua kwa nje, paa ni zege. Kama ukuta wa katikati ndio umeshika slabu, msimwite mwenye nyundo. Mwiteni mhandisi aangalie, na kibali cha kaunti mkate kabla ya kuanza.

---

Mkutubi_Barani

Hakuna aliyeliuliza hilo kwenye vikao vyote. Kuna ufa mwembamba juu ya mlango wa stoo, unapanda hadi darini. Nimeandika kuomba mhandisi. Akisema ukuta usivunjwe, nitatoboa milango miwili badala yake na baraza zitakuwa katika vyumba viwili. Nikipata jibu naliweka hapa na picha ya ufa.

---

Mwana_wa_Amu

Weka na shilingi juu ya ufa ukipiga picha, tujue upana.